Ulitoka nyumbani na joto?

Tairi la nyuma la baiskeli lilianza kuyumba nikiwa katikati ya njia, kwenye kile kipande kisicho na taa. Niliposimama na kulibonyeza kwa kidole, halikuwa na ubishi wowote.

Pancha. Saa 11:30 jioni, giza limeshaingia, nyuzi 6 chini ya sifuri.

Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimevaa. Fulana ya pamba, sweta, sweta jingine, na juu ya hayo yote koti nene la manyoya ya bata, lile ambalo ukilivaa mikono haishuki sawasawa ubavuni. Skafu mara mbili shingoni. Nilifanana na godoro lililofungwa kamba, na nilijiona mtu mwenye akili.

Nikaipindua baiskeli, nikavua glovu, nikaanza kubandua tairi. Dakika ya kwanza sikuona tatizo. Dakika ya tatu nikahisi kitu mgongoni, kama mtu kanibandika kitambaa cha maji katikati ya mabega. Ya tano, meno yanagongana. Kile kiplastiki cha kubandulia tairi kikakatika mkononi, tak, kwa ukavu wa baridi. Vidole vilikuwa vimekufa kiasi kwamba ilibidi nitazame ili nijue kama nimeshika valvu au nimeshika hewa.

Akasimama mama mmoja wa makamo, kwenye baiskeli nzito ya kikapu. Alivaa kijaketi chembamba ambacho mimi ningekivaa jioni yenye upepo kidogo, basi. Alinimulika kwa tochi yake ya kichwani. Nadhani aliona mvuke ukinitoka shingoni, maana hakuangalia tairi kwanza. Aliangalia kola.

"Kijana, ulitoka nyumbani na joto?"

Nikamjibu ndiyo, tena kwa fahari kidogo. Nilidhani ananisifu kwa kujiandaa.

"Basi ndiyo maana."

Akaniazima kiplastiki chake, akanishikia mwanga mpaka nikamaliza, akaenda zake. Hakueleza neno. Wiki tatu nzima swali lile lilikaa nami.

## Hesabu ya kujumlisha

Nilikuwa naamini kuvaa kwa ajili ya baridi ni kujumlisha tu. Nje kukishuka nyuzi tano, ongeza nguo moja. Hiyo ndiyo hesabu tuliyofundishwa na mama zetu, na kwa mtu anayesubiri basi ni hesabu sahihi kabisa. Mtu wa kituoni amesimama. Mwili wake unatoa joto la kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani, na kazi ya nguo ni kulizuia joto hilo lisitoroke.

Mwendesha baiskeli si balbu. Misuli ya binadamu hugeuza kama robo tu ya nishati inayoitumia kuwa mwendo, na mara nyingi hata robo haifiki. Inayobaki yote ni joto. Kwa hiyo ukisukuma pedeli kwa nguvu ya wati 100, mwendo wa kawaida tu wa kwenda kazini, ndani ya koti lako kuna hita ya wati 300 na ushei. Mimi hita hiyo nilikuwa nimeifungia kwa sweta mbili na manyoya ya bata.

Hita hii ikizidi kuwaka haina swichi. Ina jasho.

Na jasho, nikiri, halikuwahi kunisumbua nikiwa naendesha. Ndicho kilichonipoteza muda wote ule. Nilikuwa nafika kazini nimeloa mpaka kiunoni, nasema moyoni leo nimefanya mazoezi. Nilikuchukulia kuloa kama ushahidi kwamba nimevaa vya kutosha! Mpaka siku ya pancha, nilipoizima hita ghafla nikabaki na maji.

Sweta haileti joto. Inanasa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayokukinga. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Nilikuwa nimenunua kinga, kisha nikaimwagia maji mwenyewe, taratibu, kwa dakika arobaini, huku napiga mluzi.

## Fulana tatu kwenye viti

Jumapili iliyofuata nilifanya kijaribio cha kitoto. Nilichukua fulana ya pamba, ya poliesta na ya sufu ya kondoo wa merino, nikazilowesha, nikazikamua kwa nguvu zangu zote, nikazitandaza kila moja kwenye mgongo wa kiti. Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kuzishika, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Poliesta ilikuwa ya kwanza kukauka. Sufu ilifuata, ila ajabu yake ni kwamba hata ilipokuwa bado haijakauka, ukiibandika shavuni huioni kuwa imeloa sana. Unyweleo wa sufu huweza kubeba mvuke wa kiasi cha theluthi ya uzito wake kabla ngozi haijashtuka. Ya pamba asubuhi ilikuwa bado ina unyevu kwenye mishono, baridi kama ulimi wa mbwa.

Ile ya pamba ndiyo niliyokuwa nikiivaa karibu na ngozi kila siku. Kwa sababu ni laini, na kwa sababu ndiyo iliyo juu kabisa kwenye droo.

Sasa ya chini ni sufu nyembamba, siku zote. Poliesta ni nafuu na inakauka haraka, lakini siku ya pili inanuka kama kabati la viatu na siku ya tatu hata wewe mwenyewe hujitaki. Sufu unaweza kuivaa wiki nzima. Adui yake ni nondo, nao hawana huruma.

## Sakitu ndani ya mkono wa koti

Kosa langu la pili lilikuwa la mtu aliyeelewa nusu. Nikasema, kumbe tatizo ni maji! Nikaenda kununua koti lisilopitisha maji.

Makoti haya yana historia ninayoipenda. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alikuwa akijaribu kuivuta plastiki ya PTFE, jamaa wa ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Alipoivuta polepole ilikatika. Alipoivuta kwa ghafla, kwa hasira, ikatanuka ikawa na vitundu vidogo mno, visivyopitisha tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke. Humo ndimo ilimotoka ile familia ya makoti ambayo "yanapumua."

Yanapumua, ndiyo. Lakini yanapumua kama mtu aliyelala, na mimi nilikuwa natoa jasho kama mtu anayekimbizwa. Siku ya nne ya lile koti nilifika, nikalivua, nikaligeuza ndani nje. Mikononi kulikuwa na sakitu. Unga mweupe wa barafu, ule unaouona kwenye majani asubuhi, umejipanga ndani ya mkono wa koti tangu kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo. Mvuke wangu ulifika kwenye kitambaa cha baridi, ukageuka maji, maji yakaganda kabla hayajapata mlango.

Nilikaa nikautazama ule unga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye baridi kavu, iliyo chini ya sifuri, mvua haipo. Theluji inayokuangukia unaikung'uta. Nilikuwa nimejikinga na kitu kisichokuja, nikakifungia ndani kile kilichokuwa tayari kimo. Kinachokuja kweli ni upepo, nao unakuja kwa mbele, kwa sababu sehemu kubwa yake unautengeneza mwenyewe.

Kipimo kinachounganisha baridi na upepo kina asili yake huko Antaktika. Paul Siple na Charles Passel waliweka maji kwenye chombo cha plastiki, wakakiacha nje kwenye upepo, wakapima yanachukua muda gani kuganda. Matokeo yao yalichapishwa 1945. Mwaka 2001 Marekani na Kanada walikubaliana kanuni mpya, na kwa kanuni hiyo sifuri ya kawaida, ukiwa kwenye upepo wa kilomita 20 kwa saa, usoni ni kama hasi 5. Hasi 10 inakuwa hasi 18. Sasa kilomita 20 kwa saa ndiyo mwendo wangu mimi wa kila siku. Hata siku ambayo jani halitikisiki, nikipanda baiskeli upepo upo.

Ila kipimo hicho ni cha ngozi iliyo wazi. Ni cha mashavu. Niliyemuona akijumlisha nguo za kiunoni kwa sababu ya namba ya mashavuni ni mimi hapa.

Kwa hiyo nikaishia kwenye kijaketi chembamba: kifuani na mbele ya mikono kitambaa kisichopitisha upepo, mgongoni kitambaa cha kawaida kinachotoa mvuke. Zipu ndefu. Nilipojiangalia kwenye kioo nikakumbuka nimekiona wapi. Kilifanana na cha yule mama.

## Dakika kumi mlangoni

Kuwa na nguo sahihi na kukubali kutoka nazo ni vitu viwili.

Siku ya kwanza nilifika getini, upepo ukanipiga kifuani, nikarudi ndani kuchukua sweta. Nililoa. Siku ya pili nikafika getini, nikasimama, nikarudi. Nililoa. Siku ya tatu niliacha funguo za nyumba mahali ambapo kuzirudia ni usumbufu.

Kuna sauti ndani ya mtu inayosema hapana, hutoki hivyo, na sauti ile si ya kipuuzi. Ni ya zamani kuliko baiskeli. Baridi imeua watu wengi. Kusimama mlangoni unatetemeka, ukijua kabatini kuna koti zito, ukaliacha kwa makusudi, ni kitu ambacho mwili unakiona ni wazimu. Jirani yangu alinikuta hapo ngazini asubuhi moja. Aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Utaumwa wewe." Nikashindwa kumjibu, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Dakika ya kwanza hadi ya tatu ni mbaya. Ya nne mapaja yanawaka. Karibu na ya saba kuna kitu kinafunguka kifuani, siwezi kukieleza vizuri, kama jiko la mkaa linapokolea. Ya kumi nafika darajani, mahali ambapo siku zote nilikuwa natamani kuvua koti. Siku ile sikutamani kuvua kitu. Sikutamani pia kuongeza. Nilishusha zipu vidole vinne, nikaendelea.

Nilipofika, fulana ilikuwa kavu.

Nimeisema hiyo kama sentensi ndogo, lakini niliishika ile fulana mgongoni mara tatu chooni ili nihakikishe.

## Aliyetangulia kileleni

Tarehe 5 Juni 1988 mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia, yale ya kuizunguka Italia kwa hatua za siku nyingi, yalipita kwenye mlima wa Gavia, zaidi ya mita 2,600 juu, katika dhoruba ya theluji. Wapenzi wa baiskeli tumeisikia habari hiyo kama kisa cha ushujaa, cha watu waliovumilia. Niliirudia majira haya nikaiona ni kisa cha mavazi.

Mholanzi Johan van der Velde ndiye aliyetangulia kileleni. Alipanda akiwa na jezi ya mikono mifupi, bila glovu, theluji ikimjaa kichwani. Na kwa kupanda hakukosea sana! Alikuwa hita kamili. Akavuka kilele akiwa wa kwanza, akaanza kushuka. Kwenye kushuka pedeli hazina kazi, hita inazima, upepo unakuwa mara tatu, na mwili wote umeloa. Hakufika mbali. Alisimama, akajihifadhi ndani ya gari, akanywa vitu vya moto. Alimaliza siku ile amepoteza zaidi ya dakika 40.

Mmarekani Andy Hampsten timu yake ilikuwa imeingia madukani asubuhi ile na kununua mavazi ya watu wa kuteleza kwenye theluji, na nguo hizo zikamsubiri huko juu. Alipanda akiwa mwepesi, akavaa kabla ya kushuka. Aliyeshinda hatua ya siku ile ni Erik Breukink, lakini jezi ya waridi, ile ya anayeongoza mashindano yote, ilimwangukia Hampsten, akawa Mmarekani wa kwanza kushinda Giro.

Tangu hapo kwenye begi langu kuna kitu kimoja ambacho sikivai nikiwa naendesha: lile koti la manyoya ya bata, limekunjwa ndani ya mfuko wake. Ni la pancha. Ni la mnyororo uliokatika. Nikisimama zaidi ya dakika mbili linatoka kabla sijagusa chuma chochote.

Lilikuwa koti zuri tangu mwanzo. Nililivaa wakati usio wake.

## Vidole

Hapa ndipo nilipotumia pesa nyingi kwa ujinga. Glovu nene, kisha nene zaidi, kisha glovu ndani ya glovu. Vidole vikaendelea kufa.

Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoa, hubana mishipa ya mikononi na miguuni ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na figo. Kwa maneno mengine unaamua vidole si muhimu. Glovu haitengenezi joto, inatunza joto linalofika, na kwangu halikuwa linafika kwa sababu mgongo ulikuwa umeloa. Fulana ilipoanza kubaki kavu, nusu ya tatizo la mikono iliondoka bila kununua kitu. Nilikasirika kidogo, kwa kweli.

Nusu nyingine ni umbo. Glovu ya vidole vitano inakitenga kila kidole kama mfungwa. Ile ya kidole gumba peke yake na vinne pamoja ina joto zaidi, ila kubadili gia nayo ni kama kuhesabu noti ukiwa umevaa soksi mikononi. Mimi ninatumia zile zilizogawanyika sehemu tatu, kama makucha ya kaa. Wapo wanaofunga mifuko mikubwa kwenye usukani na kutumbukiza mikono humo wakiwa na glovu nyembamba tu, na nimewaona hawana shida yoyote. Naikwepa mifuko hiyo kwa sababu ya sura yake. Sina sababu nyingine.

Nani anayecheza na vidole? Aprili 1980 Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio za baiskeli za Liège–Bastogne–Liège, huko Ubelgiji, ndani ya theluji, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 9. Walianza 174, wakamaliza 21. Vidole vyake viwili havikurudi kuwa kama zamani.

Mimi kwangu ilikuwa kidogo tu, lakini niliionja. Asubuhi moja nilifika nimevisahau vidole, nikaingia chooni, nikafungua maji ya vuguvugu. Damu iliporudi nilishika ukingo wa sinki kwa viwiko, nikalia machozi kabisa, mtu mzima, huku mwenzangu wa kazini akinawa pembeni na kujifanya hanioni. Tangu siku hiyo, vidole vikianza kupotea nashuka, natembea na baiskeli, nazungusha mikono kama pangaboi mpaka virudi. Watu wanashangaa. Washangae.

Kichwa nilikipa heshima isiyo yake. Ule usemi kwamba karibu nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Kichwa hupoteza joto kwa kadiri ya ukubwa wake, kama asilimia 10 hivi, hasa kwa kuwa ndicho tunachokiacha wazi. Kofia nyembamba chini ya kofia ngumu, inayofunika masikio, inatosha. Kofia nene inafanya ile ngumu ikae juu juu, na ukianguka haikulindi.

## Mwendo

Kufikia hapo nilijiona nimemaliza. Kisha nikaanza kutazama picha na video za Oulu.

Oulu ni mji wa kaskazini mwa Finland, karibu na mzingo wa Aktiki, na ndiko ulikofanyika mkutano wa kwanza wa dunia wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi, 2013. Nilitarajia kuona makucha ya kaa na vitambaa vya kisasa. Nikaona watoto wanakwenda shule. Bibi mwenye koti la kawaida la kufika magotini. Baba mwenye suruali ya jinzi. Njia zimesafishwa, theluji imeshindiliwa ikawa ngumu, na wao wanapita juu yake kama watu waendao sokoni.

Walikuwa wanakwenda polepole.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Hakuna anayehema. Hakuna aliyeinama. Kwa mwendo ule hita yao ni ndogo, jasho hakuna, upepo wa kujitengenezea ni hafifu, na koti la kawaida linafanya kazi yake ya kawaida. Nikakumbuka baiskeli nzito ya kikapu ya yule mama, na jinsi alivyosimama bila hata kuvuta pumzi.

Hili lilinikera kuliko swali lenyewe. Inawezekana wiki zote zile nilikuwa natafuta vazi la kutibu haraka yangu. Nilikuwa nimegeuza safari ya kwenda kazini kuwa mashindano ambayo sikuwa nashindana na mtu, kisha nikanunua nguo za washindani. Ningetoka dakika nane mapema, pengine hata sweta moja la zamani lingenitosha.

Nimejaribu. Naweza kwa siku mbili. Siku ya tatu anatokea mtu ananipita kwenye kile kilima, miguu inasahau. Kwa hiyo kijaketi bado nakihitaji, na najua sasa kwamba ninakivalia tabia yangu zaidi ya hali ya hewa.

## Siku ya friwili

Baiskeli yenyewe nayo huvaa, ingawa sikupanga kuizungumzia. Tairi zenye vijipini vya tungsteni vinavyong'ata barafu ziliniokoa kwenye kona moja ambayo nisingeikumbuka kwa wema. Zina kelele kama mvua kwenye bati. Kama fedha ni ya tairi moja, liende mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unapata nafasi ya kusahihisha. La mbele likiteleza umeshalala.

Kuna asubuhi nilikanyaga pedeli ikazunguka bure, haishiki kitu. Grisi ndani ya friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoshika unaposukuma pedeli na kuachia unapoacha, ilikuwa imeganda, vimeno vyake havinyanyuki. Nilikuwa nimevaa barabara, fulana kavu, zipu mahali pake, na chombo hakiendi. Nikapanda basi. Nilikaa kwenye kiti cha joto nikitokwa jasho la mtu aliyevaa kwa ajili ya mwendo akakosa mwendo.

Zipo siku nyingine ninazoiacha kwa hiari. Mvua inayoganda inapoigusa barabara, kwa mfano, au nyuzi 2 juu ya sifuri na theluji ya majimaji, ambayo kwangu ni mbaya kuliko hasi 12 iliyo kavu. Hapo maji yanatoka nje na ndani kwa pamoja, na sijaona vazi linaloweza kusuluhisha pande zote mbili.

## Simu

Yule mama nimemwona mara moja tangu wakati ule, kwa mbali, anakwenda upande wa pili. Nilipiga kengele. Sidhani kama alinitambua. Wakati ule nilikuwa godoro.

Asubuhi ya jana nilikuwa mlangoni, natetemeka kama ipasavyo, mama akapiga simu.

"Umevaa, mwanangu?"

"Nimevaa, mama."

"Sweta?"

Nikamwambia sweta ipo. Ipo kweli, kabatini.

"Na miguu je?"

Hapo nilinyamaza. Miguu bado. Nimejaribu soksi mbili, viatu vikabana, damu ikakataa kupita. Nimejaribu viatu vikubwa zaidi, vifuniko vya juu ya viatu, hata mifuko ya nailoni kati ya soksi na kiatu. Dakika ya ishirini na tano kidole kidogo cha mguu wa kushoto kinaniaga, kila siku, pale pale penye mteremko.

"Miguu naishughulikia, mama."

"Tafuta soksi nzito," akasema, na sikubishana naye.